Maneno ya Siku Tutakayoanguka

Mashine ilikuwa imeshafika katikati ya ngazi, bado inanguruma. Mchukuzi aliikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, na nyuma yake Mjomba alishuka taratibu amebeba betri. Waya uliowaunganisha ulikuwa mfupi, hata hakuna aliyeweza kumtangulia mwenzake. Chini yao mpwa wa Mjomba alishuka kinyumenyume, mikono mbele, utadhani ikianguka ataidaka.

"Mzee wangu," mchukuzi alisema, jasho likimtiririka, "nimehamisha makabati, nimehamisha majokofu. Lakini mashine inayohamishwa huku inafanya kazi, hii ndiyo ya kwanza. Kwani ukiizima itakufa?"

"Itasahau," Mjomba alijibu. "Afadhali ingekufa."

Mjomba alikuwa mtu wa kuhamahama. Mji mmoja alitengeneza redio, mji mwingine taipureta, kwingine jenereta, na popote walipoanza kumzoea alifunga begi. Mahali pekee alipotulia ni chumba kile cha juu walichokuwa wanakihama, na kilichomtuliza ni dada yake, mama wa huyu mpwa.

Dada huyo watu walimwita Bi Haraka. Hakuweza kusubiri hata chai ipoe. Ndiye aliyeanzisha tovuti ya salamu: watu walio mbali na kwao wanaandika, ndugu zao wanafungua na kusoma, kila mtu na ukurasa wake. Siku za kawaida mambo yalikwenda. Siku za sikukuu, watu wakija wote kwa mpigo, mashine kubwa iliyotunza kurasa hizo ilipaliwa. Wasomaji wakabaki wanakodolea macho kioo kitupu.

Basi Bi Haraka akaweka mashine ndogo mbele ya ile kubwa, kama mtu wa mapokezi mlangoni, akaipa jina Mpokezi. Mtu akiomba ukurasa, Mpokezi anauleta kutoka ndani na kubaki na nakala. Wa pili akiuomba huohuo, anapewa nakala palepale, ndani hawasumbuliwi. Na mashine kubwa ikizirai, Mpokezi anaendelea kugawa nakala zake kwa saa kadhaa bila hata kukohoa. Huko duniani wapo waliobuni mambo ya namna hiyo kabla yake. Yeye alibuni lake pale mezani, penseli mdomoni.

Mwanzoni lilimtia aibu. Mpokezi alikuwa anatunza kila kitu, bila kuchagua. Jamaa mmoja akafungua ukurasa wake wa faragha kusoma tena alichomwandikia mchumba wake. Mpokezi akaweka nakala, akawagawia wote waliokuja nyuma yake. Kufika jioni ukoo mzima wa mchumba ulishajua kwamba binti yao anaitwa "kidonge changu cha usingizi". Bi Haraka alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipoinuka akaandika sheria: chenye kufuli hakitunzwi, kinatoka ndani na kwenda kwa mwenyewe tu.

Ni siku zile alipomwambia Mjomba, "Nimewaandikia watu maneno ya siku tutakayoanguka kabisa, Mpokezi asipokuwa na nakala ya kutoa."

"Maneno gani?"

"Angukeni, mtayaona."

Mjomba akamwomba, akambembeleza, akanuna. Wapi! Na tangu siku hiyo hawakuanguka kiasi hicho, na kuwaangusha watu makusudi Mjomba hakukubali. Mashine kubwa ilizimia mara kadhaa, Mpokezi akajibu, Mjomba akaitengeneza, wasomaji hata hawakujua. Kisha Bi Haraka akafariki, na neno la siri la kumfungua Mpokezi akaenda nalo. Maneno yale yalibaki kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme tu, maana diski alikuwa anaidharau. "Inakokota miguu," alizoea kusema. Kwa hiyo Mjomba hakuwahi kumzima Mpokezi. Umeme ulipokatika alikaa na betri mapajani kama anayebembeleza mtoto.

Sasa jengo linarudishwa kwa wenyewe. Mpwa, aliyesomea kazi hii, amehamishia salamu zote kwenye mashine za kukodi zilizotapakaa nchi nyingi. Mashine kubwa ilikuwa imetangulia na gari la kwanza.

"Mjomba, hizo mpya zinafanya yote aliyofanya mama," alisema. "Nakala zinakaa karibu na msomaji, popote alipo."

"Najua. Mama yako angezipenda. Lakini kuna kitu chake sijakisoma."

Hapo betri ikaanza kulia. Tii, tii, tii.

"Inataka nini?" mchukuzi akauliza.

"Inaaga," Mjomba akasema. Alikuwa amepanga kumfikisha Mpokezi kwake na kumchomeka ukutani. Kumbe hata getini hawafiki.

Mpwa hakungoja kuambiwa. Aliketi kwenye ngazi, akachomeka waya wa kompyuta yake kwa Mpokezi, akafungua tovuti. Kufumba na kufumbua, ukurasa wa mbele huo hapo, na salamu za jana. Akafungua wa mtu mwingine. Huo hapo. Wa mwingine. Huo hapo.

"Mashine kubwa haipo na bado anajibu!" mpwa akafoka. "Anatoa nakala tu!"

"Kashupaa kama mwenyewe," Mjomba akasema. Kile kile alichokitunza miaka yote ndicho kilichomzibia njia. Betri ikazidisha kelele.

"Jamani, mikono inakufa ganzi," mchukuzi akalalamika.

"Kaza, baba, kaza kidogo tu." Mjomba aliinamia kioo. "Muulize ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuuomba. Hatakuwa na nakala."

"Wa nani? Kila mtu ana salamu."

Vidole vya mpwa vilisita. Kisha akaandika jina la mama yake.

"Huyo lazima walimtumia salamu," Mjomba akasema.

"Nani? Wewe ulikuwa naye chumba kimoja. Mimi tulikuwa nyumba moja."

Mpokezi akanyamaza. Mjomba hakuwahi kumwona akisita. Safari hii Mpokezi alikuwa amegeuka kuiita mashine kubwa ndani, na ndani hakuna mtu. Kisha maandishi yakatokea, meusi, bila urembo wowote:

"Samahani, tumeanguka. Fundi ni kaka yangu, anajua la kufanya, ila msimharakishe, atafunga begi. Tukiwa tunainuka, mpigie simu uliyekuja kumsalimu."

Mpwa alipiga picha kioo kwa simu. Mjomba alisoma mara ya pili akitikisa kichwa, na kabla hajamaliza betri ikanyamaza. Mngurumo nao ukakatika.

"Tayari?" mchukuzi akauliza. "Mbona uzito ni uleule?"

Mjomba alicheka huku anajifuta macho kwa mkono wa shati. Waya ukachomolewa, wakashuka kila mtu kwa mwendo wake.

Jengo lile sasa linauza magodoro. Mchukuzi alinunua mkokoteni na hapandi tena ngazi. Mpwa anaendesha tovuti ya salamu mpaka leo. Maneno ya mama yake aliyaweka kwenye mashine mpya vilevile yalivyo, na wachache wameyaona, kwa kuwa hazianguki ovyo. Mpokezi alivunjwa vipuri, feni yake iko kwenye redio ya jirani. Mjomba alifunga begi mara mbili akalifungua mara mbili. Anaishi chumba cha nyuma kwa mpwa wake, na hutengeneza pasi.