Barua ya Mwalimu Ildefonsi

Kufikia saa saba mchana Khatibu, mchapaji, alikuwa anachapa ukurasa wa mwisho wa riwaya. Anifa, mfagizi wa zahanati kule Titye, aliketi kando yake ndani ya steshenari hapo Kasulu mjini, akimsomea kutoka kwenye madaftari yake, maana mwandiko wake wa haraka, wa baada ya zamu, aliweza kuusoma yeye peke yake.

Mchapishaji wa Dar es Salaam alipokea kazi za waandishi wapya mara moja kwa mwaka, na siku hiyo saa kumi jioni ndio ulikuwa mwisho. Alitaka muswada uliochapwa, muhtasari, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwandishi anayejulikana au afisa wa elimu. Kati ya watu hao Anifa alimjua mmoja tu, Mwalimu Ildefonsi, afisa elimu mstaafu, aliyemwahidi barua wiki tatu zilizopita. Akamfuata kwake kwa miguu, mwendo wa zaidi ya saa moja.

Barua ilikuwa tayari, imepigwa muhuri. Anifa aliisoma, akairudia. Ilisema riwaya imeandikwa na Ildefonsi, kwa msaada wa Anifa.

"Mwalimu, anayesimuliwa humo ni mama yangu, aliyefia njiani akipelekwa kujifungua. Nimemwandika mimi."

"Najua, mwanangu. Lakini huko Dar nani atafungua kazi ya mfagizi? Tangulia na jina langu. Kitabu cha pili utaandika peke yako."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa msaada. Anifa akamuuliza amesoma kurasa ngapi. Mwalimu akajibu kwamba bado hajapata nafasi.

Aliporudi steshenari na barua, zilikuwa zimebaki dakika kumi. Khatibu aliisoma barua, akamshauri aiambatanishe tu, wengi wanafanya hivyo, na mwaka mzima wa kusubiri ni mrefu. Anifa alisimama nyuma ya kiti cha Khatibu.

"Tuma bila barua."

"Hawatasoma, dada."

"Najua. Tuma."

Jibu lilikuja papo hapo, la mashine: kazi isiyo na barua ya utambulisho haipokelewi, karibu tena mwakani. Khatibu alimgeuzia kioo cha kompyuta ajionee. Anifa alisoma mpaka mwisho, kisha akaomba atolewe nakala moja ya karatasi, yote, jina lake likiwa juu.

Khatibu alipokuwa akipanga kurasa, alimuuliza hiyo nakala anampelekea nani.

"Sina wa kumpelekea," Anifa alisema, akaanza kuzihesabu kurasa.