Presha ya Betri Zilizochoka

Kwa Bibi, betri ndiyo roho ya kifaa. Ikichoka, redio inanong'ona, saa ya ukutani inachechemea, na tochi inaona haya kumulika. Sasa mashine ya kupimia presha ina upekee gani? Itie betri zilizochoka, nayo itasoma presha iliyochoka. Hesabu hiyo aliipiga peke yake, na hakumshirikisha mtu.

Alikuwa na sababu. Binti yake, nesi asiye na mzaha, alishakata kauli: "Namba ya juu ikizidi mia moja arobaini, Mama, safari hakuna." Na safari yenyewe ilikuwa ya kumwona mdogo wake Bibi, ambaye hawajaonana naye miaka minne. Bibi alikuwa na hamu naye hadi usingizi ulikuwa unampaa.

Basi binti alipoingia kuoga, Bibi akafanya mambo chapuchapu. Betri nne mpya za mashine akazitia kwenye redio. Zile nne za redio, zilizokwisha kuanikwa juani mara mbili na kung'atwa mara tatu, akazitia kwenye mashine. Kisha akaketi, mpole kama maji ya mtungini.

Nesi akamfunga mkanda mkononi, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikavuta pumzi nusu, ikakoroma, ikazima.

"Ajabu! Betri nimeweka jana."

"Vitu vya siku hizi, mwanangu, havidumu."

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Nesi aliwasha redio asikilize habari, nayo ikapayuka hadi vikombe vikatetemeka. Akaizima, akaifungua mgongo, akamgeukia mama yake. Bibi alikuwa anakagua dari.

Betri zikarudishwa, mashine ikasoma: mia moja hamsini na mbili.

"Basi tena, Mama."

Bibi hakubishana. Machozi yakamtoka tu. "Nimechoka kumwona kwenye picha," akasema.

Nesi roho ikamuuma. Akampigia simu mama yake mdogo ampe habari, sauti ikisikika chumba kizima. Hata salamu hazijaisha, mama mdogo akadakia:

"Afadhali umepiga, nesi wetu. Wanangu wamenikataza kuja kwenu mpaka presha ishuke. Hebu niambie, ibaki siri yetu: mashine ikitiwa betri zilizokufa, si itasoma chini kidogo?"

Bibi akaangua kicheko, mashavu bado yamelowa. Nesi alijaribu kukunja uso, ukamshinda.

"Mama mdogo, toa hizo betri, umeze dawa zako, na utulie hapo hapo," akasema. "Nachukua likizo wiki ijayo. Dada yako namleta mwenyewe, na njiani nitampima kila tunapopumzika."

Upande wa pili wa simu kikasikika kilio cha furaha. Bibi hakukisikia chote. Alishaingia chumbani, anakunja nguo.