Mjomba wa Diwani

Wachuuzi wa ng'ambo ya reli walipoanza kutandaza viatu vya mitumba mbele ya maduka yetu, tulimwendea diwani tukamtaka alete sheria ndogo: asiye na chumba cha biashara asiuze wala kufanya kazi barabarani. Hatukupanga foleni ofisini kwake. Alikulia hapa hapa. Nusu ya mtaa ilimfuta kamasi, nusu nyingine ilimchapa.

Siku ya kikao tulibanana kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakigusa videvu. Diwani alisoma kifungu, akauliza nani anaunga mkono. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa fundi viatu, mjomba wake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Fundi mwenyewe hakuwa na chumba. Miaka yote alishonea chini ya turubai, ukutani kwa kinyozi. Kinyozi akamnong'oneza, je, amesikia vizuri anachokiunga mkono?

"Wewe nyoa," fundi akamjibu kwa sauti. "Mimi sheria yenyewe nimeibeba mgongoni, ikanikojolea."

Darasa likaangua kicheko, mikono yote ikapanda. Nani angemgusa mjomba wa diwani?

Siku sheria ilipoanza kazi, mgambo waliwaondoa wachuuzi asubuhi. Kufika adhuhuri, mgambo hao hao walikuwa wameshika kamba za turubai la fundi. Tukampigia diwani simu, akaja kwa miguu, shati limelowa jasho. Kinyozi akamsihi amwombee huyu mmoja tu ruhusa. Mtaa mzima ungeridhia. Diwani hakututazama sisi.

"Ungekuwa mzee wa mtu mwingine, mjomba, ningekutetea. Nikikuacha wewe, wale wa ng'ambo watasema niliwafukuza ili ndugu yangu ashibe."

Fundi alivuta uzi hadi mwisho, akaukata kwa meno.

"Haya. Nisaidie kufungua hizo kamba, hawa vijana watanichania turubai."

Wakafungua pamoja. Sisi wenye vyumba tulisimama milangoni mwetu kama wageni.

Tulimpelekea viatu nyumbani. Mwanzo tulienda wengi, baadaye wachache. Kwake ni kupanda mlima, na mtu mwenye soli iliyobanduka hapandi mlima. Sasa mzee hushinda kizingitini, mikono mapajani.

Juzi nilimkuta diwani katikati ya kile kilima, ameketi juu ya jiwe, mguu mmoja peku. Kiatu kilikuwa kipya. Alikuwa akikibandua soli kwa ufunguo, taratibu. Nikajifanya sikumwona.