Kitsao Aenda Ukweni

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kitsao wa Kisauni aliposifiwa, alinunua baiskeli. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, wanywaji walikuwa wengi na tembo lake lilikuwa tamu, wakamwambia mtu wa cheo chake hafai kwenda kwa miguu. Basi akanunua, nyeusi, mpya, ina kengele na keria. Kupanda hajui. Mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mnazi mrefu kuliko mnara wa msikiti anaukwea huku akipiga mluzi, lakini chombo kile cha magurudumu mawili kilimtia kiwewe.

Akawa anaisukuma. Asubuhi anaisukuma kwenda shambani, jioni anairudisha, kibuyu kinaning'inia kwenye usukani. Akiulizwa, ati anaipumzisha. Maskini, mji mzima ukapata la kusema, na mkewe Kafedha ndiye aliyelisikia kisimani. Wanawake wenzake walimwambia mumewe ameposa baiskeli ila bado hajaoa. Siku moja alirudi na mtungi mtupu, akakusanya nguo zake, akasema anakwenda kwa mamake, Ziwa la Ng'ombe.

"Ukija kunichukua," alisema mlangoni, "uje umeipanda. Ukija unaisukuma, geuka huko huko."

Kitsao alimpenda mke yule, tena sana. Chakula cha kwanza alichojipikia kiliungua, cha pili hakikuiva, na hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Akaenda kwa Hamoud, fundi wa baiskeli, akamwomba amfundishe, kwa kuwa bila baiskeli hana mke.

Sasa, mgema akiogopa hufanya nini? Hukumbatia. Juu kule upepo ukivuma, akumbatiaye ndiye ashukaye mzima. Kwa hiyo kila baiskeli ilipoyumba, Kitsao aliilalia kifua, akaikaza kwa mapaja, akafumba macho. Na baiskeli ikikumbatiwa huanguka. Alianguka majanini, akaanguka matopeni, akaanguka juu ya mkeka alioanikia muhogo Bi Kuluthum, mke wa Hamoud. Muhogo ukawa unga kabla ya kutwangwa. Bi Kuluthum alimweleza mumewe, kwa adabu zote, kwamba ama mwanafunzi ahame ama yeye.

"Bwana Kitsao," Hamoud alisema huku akihema, maana ndiye aliyekimbia nyuma ameshika kiti, "mnazi una mizizi, unaweza kuulalia. Hii wallahi haina mizizi. Kinachoisimamisha ni mwendo. Legeza mikono, tazama mbele. Ukiona waanguka, zidi kwenda."

Ni rahisi kusema. Maneno yale yalimwingia Kitsao pole pole, na magoti yakachubuka mara nyingi kabla maneno hayajafika miguuni. Hata siku moja Hamoud akachoka, akaachia, akakaa kitako chini. Kitsao alikwenda zake akimsihi asimwachie, anamsihi na kumsihi, mpaka akashangaa kwamba mwalimu hajibu. Alipofahamu kwamba yuko peke yake, baiskeli iliyumba. Mikono ikataka kukumbatia. Akaizuia, akazidi kwenda, na furaha iliyomjia hapo hajaipata kwa mnazi wowote.

Lakini kushuka kulimshinda. Breki zilikuwapo, ila kuzibana sharti ulegeze mshiko kidogo, na vidole vilikataa katakata. Akazua yake: akitaka kusimama huchagua mnazi, akauendea, akaukumbatia, baiskeli ikapita zake. Hamoud alisema tangu azaliwe hajaona breki ya namna ile, lakini Kisauni minazi ni tele.

Basi siku ikafika. Kitsao alioga, akavaa shati jeupe, akafunga jogoo wa ukweni kwenye keria, akashika njia. Kifua mbele! Hata mbuzi aliwapigia kengele.

Karibu na kufika akatokea mama mkwe, na mzigo wa kuni kichwani.

Kwa Wagiriama, mtu akikutana na mama mkwe huiacha njia, akageuza uso, mpaka mama apite. Mila ilimwambia Kitsao asitazame, Hamoud alimwambia atazame, na kando ya njia hapakuwa na mnazi hata mmoja. Mama mkwe naye, mtu wa heshima, alikwisha kujitenga, tena upande ule ule baiskeli ilikoelekea. Kitsao akafanya jambo lisilosemeka. Alimpigia mama mkwe kengele. Mama akatupa kuni, akaruka ndani ya shamba la mihogo kwa wepesi ambao watu walidhani umekwisha siku ya arusi yake.

Uani kwa wakwe nako hapakuwa na mnazi. Kitsao akaizunguka nyumba. Alipompita baba mkwe, Mzee Ngumbao, akamwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba. Akazunguka tena, shikamoo, marahaba. Mara ya tatu mzee akauliza kama mkwewe amefika au anapita tu. Kafedha, aliyekuwa akitwanga, akaweka mchi chini, akasimama katikati ya njia, akaushika usukani kwa mikono miwili. Wakaanguka wote, na jogoo.

"Nimekuja nimeipanda," Kitsao alisema kutoka chini.

Kafedha alimtazama magoti, kovu juu ya kovu.

"Kila jioni nilikuwa nachungulia njia ile," alisema. "Ungekuja kwa miguu siku ya pili yake, ningerudi."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema kwa hasira. Ningekwambia uje umepanda mwezi, ungekwenda kuutafutia kamba?"

Kitsao akajizoazoa, akaketi. Katika maanguko yake yote hakuna lililomuuma hivi. Nyuma ya nyumba sauti ya mama mkwe ilikuwa ikimwambia mumewe amuulize mtu huyo kama kwao wakwe hupigiwa kengele, na kwamba mbuzi wa faini awe mkubwa. Mzee Ngumbao alikuwa akimkimbiza jogoo.

Kafedha akaingia ndani kuchukua vitu vyake, akatoka papo hapo. Furushi lilikuwa limefungwa siku nyingi, lina vumbi juu.