Mimi Pia Niliruka

Mtoto anayechomwa sindano ya uti wa mgongo hacheki. Ndiyo maana siku Carelle wangu alipocheka sikumshukuru Mungu. Nilimtupia jicho baya yule muuguzi wa hospitali ya Lilongwe.

Alikuwa amemvika mtoto miwani mikubwa myeusi, inafunika nusu ya uso. Tangu kansa ya damu impate, tulikuwa tunamshika watu watatu, analia mpaka sauti inakauka. Sasa sindano inaingia, yeye anapunga mikono hewani. Muuguzi akasema ndani ya miwani ni picha tu za kumsahaulisha maumivu, tena ni bure. Mimi ni fundi cherehani wa Bukavu. Cha bure nakigeuza kwanza nione mshono wa ndani.

Jumapili, kwenye chumba chetu cha maombi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Carelle akajisifu mbele ya wamama.

“Mi niliruka juu ya mayi! Samaki bakubwa bakanizunguka, sikusikia sindano.”

Kwetu mtoto anayeruka na kutembea majini huitwa mchawi, na neno hilo limewafukuza watoto wengi majumbani mwao. Mama Gloriose, kiongozi wetu, akashusha sauti.

“Rosalie, mutoto wako anasafiriaka na roho mubaya. Jumapili ingine tutamufungisha hapa, bila chakula, bila mayi, mpaka ile roho itoke. Hospitali ingojee.”

Carelle hana mwili wa kufunga hata asubuhi moja. Lakini nami niliogopa, sifichi. Wiki ile nilikuwa namkumbatia huku nanusa kichwa chake kilichopukutika nywele, nione kama kina harufu ya ziwa.

Alhamisi, siku ya sindano, nikamwambia muuguzi, kwa Kichewa changu cha sokoni, anivike mimi kwanza.

Sakafu ikatoweka. Chini yangu maji matupu, na samaki mkubwa kama basi dogo ananijia. Nikapiga kelele, nikang'ang'ania kitanda. Mkono mdogo ukanishika.

“Mama, usiogope, haiumaki. Angalia kushoto, kuko kobe.”

Nikageuka. Kobe alikuwa pale pale aliposema. Nilipovua miwani niliona kabati la dawa, na mtoto wangu ananicheka. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Jumapili mkeka ulikuwa umeshatandikwa katikati ya chumba. Gloriose akanyoosha mkono amchukue Carelle. Nikakaa mimi mkekani.

“Munifungishe mi kwanza. Mi pia niliruka. Niliona samaki, niliona na kobe.”

“Rosalie, unajua unasema nini?”

“Najua. Ni miwani tu, mama. Twende wote Lilongwe, na we uvae.”

Akarudi nyuma. Wamama wengine wakavuta watoto wao karibu.

Tangu siku hiyo hakuna anayeniletea kitambaa nishone. Wanasema mama ndiye aliyemfundisha mtoto uchawi. Waseme. Alhamisi iliyofuata Carelle alichomwa sindano, akacheka, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti.