Kikombe cha Don Wilberth

Usigeuze shingo, nakuona. Kila asubuhi unakatiza uwanjani mbele ya lile jiwe, macho kwenye simu, kana kwamba maandishi ya babu zako ni madoa ya ndege. Siku ya uzinduzi ulikuwepo. Ulicheka kuliko wote, kisha ukaenda zako kula. Mimi sisahau.

Don Wilberth, meya wetu, alitaka jiwe lake kama wafalme wa kale. Mimi na wenzangu tulikuwa na chumba nyuma ya kinu cha mahindi, tukiwafundisha watoto wa mji wetu, Chunkopó, kusoma alama za Kimaya. Akaniita.

"Mwalimu, utalisoma jiwe langu mbele ya watu. Ukisoma vizuri, ufunguo wa chumba unabaki kwako."

"Na nisiposoma vizuri?"

"Pale patafaa sana kuuzia watalii kofia."

Maandishi aliyachagua kwa kupenda sura yake tu, kuyasoma hajui. Aliona picha ya alama za kale kwenye kalenda ya duka la matairi, akamwambia mchongaji anakili yote, mwishoni atie jina lake. Alama zenye umbo la samaki ndizo zilizomkosha hasa. "Hawa ni mimi," aliniambia, akinionyesha kipande cha picha chenye samaki tu. "Angalia walivyo wakali!"

Siku ikafika. Bendi ikapiga, kitambaa kikavutwa. Nikalisoma jiwe kimoyomoyo, mara ya kwanza kuliona lote. Maneno yale ni yale waliyokuwa wakiandika wazee wetu kwenye vyombo vya mezani.

Nikawaza ule ufunguo. Nikanyanyua kidole, nikitafuta cha kusema, kikatua kwenye alama ya samaki.

Sasa, chumbani kwetu hakuna kusoma kimya. Mwalimu akigusa alama, watoto wanaitamka kwa sauti na kupiga kofi. Nao walikuwa wamekaa mbele kabisa.

"Ka!" Kofi. Kidole kikateleza kwa samaki wa pili. "Ka!" Kofi. "Wa!" Kofi.

"Kakaw!" akadakia Bibi Eduviges, muuza tamale za unga wa mahindi, ambaye darasa hajalikalia hata siku moja. "Si kakao hiyo? Mbona jiwe linaongea kama mimi jikoni? Hebu endelea, mwanangu!"

Ningefanyaje? Nikarudi mwanzo, watoto wakatamka alama zote mpaka mwisho, na mji mzima ukasikia kwa lugha yake wenyewe: hiki ni kikombe cha kunywea kakao cha Wilberth.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Wilberth, mbona kikombe kikavu?" mtu akapaza sauti.

"Hiyo... hiyo ni ishara ya ukarimu wangu!" akasema meya, shingo imemvimba.

"Basi mimina, baba!" Bibi Eduviges akamjibu. "Tumekuja na koo zetu!"

Ikabidi amimine. Masufuria yakaletwa, kakao ikachemshwa palepale, na wewe ulirudi kuongeza, usinibishie. Jioni ile ukaifuta midomo. Asubuhi yake mlango wa chumba chetu ukatiwa kufuli, na leo maboksi ya kofia yamerundikwa barazani. Ulipita hapo pia. Ukatazama upande wa pili.

Wale watoto ndio waliokufanya usikie, kwa mara ya kwanza, kwamba jiwe linazungumza lugha ya mama yako. Sasa hivi wamesimama mbele ya kufuli lile wakipiga makofi. Unawasikia kutoka hapo ulipo. Weka hiyo tamale chini. Chukua nyundo, inuka, twende tukafungue.