Mlango wa Inchi Kumi na Moja

Kila Jumatatu Odero alikunywa chai ya rangi, akachomeka penseli nyuma ya sikio, akaenda kupima mlango wa kanisa. Mlango huo aliutengeneza mwenyewe kwa mbao za saiprasi, upana inchi thelathini na sita, na fremu yake akaijenga kwenye ukuta wa mawe ya kuchonga wa Kanisa la Lango la Wokovu, pale Kamere kando ya ziwa, nyuma ya vibanda vya samaki. Jumatatu moja ya Machi 2007, siku moja baada ya sheria ya kwanza kusomwa, tepu ilionyesha thelathini na tano. Akapima tena. Miimo ya fremu ilikuwa imenenepa, nusu inchi huku na nusu inchi kule, kama kijana aliyerudi kutoka likizo kwa mama yake. Mlango haukufunga. Odero akautoa kwenye bawaba, akaupiga randa, akaurudisha, akafagia maranda na kwenda kazini.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya hereni. Ya pili ilikuwa ya nywele za kusuka, ya tatu ya redio, ya nne ya suruali kwa wanawake. Sheria nyepesi ilinenepesha fremu kwa inchi moja, nzito kwa mbili. Mchungaji Zablon alipoonyeshwa vipimo hakushtuka, alifurahi. Njia ya uzimani ni nyembamba, alisema, na sasa kanisa lilikuwa na fundi wa kuthibitisha hilo kwa tepu. Sheria ya kumi na moja ilihusu madirisha: yazibwe kwa mawe, kwa sababu yalitazama upande wa ziwa ambako wanawake walifua wakiwa wamepandisha sketi. Odero aliyaziba mwenyewe kwa siku mbili. Tangu hapo ibada ikawa ya taa mchana kutwa, na watu wakazoea.

Si kwamba Odero alikuwa mjinga. Miaka mitatu nyuma alikuwa akilala mitaroni kwa chang'aa, na aliyemtoa humo kwa mkono alikuwa Zablon. Aliamini kwamba ni zile sheria zilizomshika wima, na kwamba moja ikilegezwa ataanguka tena, na safari hii hakuna atakayemwokota. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sheria ya kumi na nne, iliyomkataza muumini kuingia nyumba inamopikwa pombe, yeye ndiye aliyeiomba.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja tu, ya Wangare, mama mnene aliyepika muratina ng'ambo ya ua wa kanisa. Mlango wake ulikuwa shuka la maua lililoning'inia kwenye kamba. Wangare hakuudhika. Aliendelea kuwasalimia waumini walipopita, nao wakaendelea kutazama upande wa pili.

Mke wa Odero aliitwa Milcah Nakhumicha. Alikuwa akifunga mashada ya waridi katika shamba moja la maua, na mwezi Novemba shamba lilitoa ovaroli za kijani, za suruali, kwa wafanyakazi wote. Milcah akavaa. Alikuwa na mimba ya miezi sita na ovaroli ile ndiyo nguo pekee iliyomtosha. Jumapili iliyofuata Mchungaji alimwita mbele akamweka chini ya nidhamu: asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma mpaka atubu.

"Nitubu nini, Pasta?" Milcah aliuliza. "Mimi niliokolewa na msalaba. Sikuokolewa na sketi."

Hakuna aliyecheka ila Mzee Kipkorir, mmoja wa wazee wa kanisa, mlinzi wa zamu katika shamba hilohilo. Alicheka peke yake, kwa sauti, mpaka akakohoa. Jioni ile ikasomwa sheria ya kumi na tano, ya kucheka.

Nyumbani Odero alimwambia mkewe aombe tu msamaha, yaishe.

"Nikiomba wa suruali, kesho nitaomba wa nini?" Milcah akasema. "Wewe uko na tepu. Si unaona vile inaenda?"

Odero aliona. Alikuwa na daftari la vipimo, tena safi. Ila aliona haya kumkosoa mtu aliyemfuta matapishi, basi akanyamaza, na ukimya wake ule Milcah hakuusahau.

Krismasi ilipofika mlango ulikuwa na inchi kumi na tatu. Watu waliingia kwa ubavu, Biblia wameiinua juu ya kichwa. Wanene walikoma kuja, wakahesabiwa kuwa wamerudi nyuma kiroho. Mzee Kipkorir, ambaye tumbo lake halikuwa la mchezo, alibaki kusikiliza mahubiri akiwa uani, kwenye kigoda. Baada ya uchaguzi nchi ikaanza kuungua, kwanza kwa mbali, halafu kwa karibu. Mchungaji alitafakari afanyeje kuilinda nyumba ya Mungu. Akaleta sheria ya kumi na tisa: chuma chochote kisiguse jengo la kanisa, isipokuwa kwa kura ya wazee wanne, wakiwa wamekaa ndani. Randa ya Jumatatu pekee ndiyo iliyoachwa, kwa kuwa mlango sharti ufunge. Ilikuwa sheria nzito. Odero akapima, akaandika kumi na moja.

Jumapili ya mwisho ya Januari, saa nne asubuhi, moshi ulionekana upande wa mjini, na kabla ya adhuhuri vijana wenye mapanga walikuwa Kamere wakiuliza watu majina. Waliotoka magharibi mwa nchi walijua majina yao yangewasaliti. Wakakimbilia kanisani, kwa sababu lilikuwa jengo pekee la mawe. Wembamba na watoto waliingia. Odero alimfikisha Milcah mlangoni, akapenya kwanza ili amvute kutoka ndani. Milcah akaja kwa ubavu, bega likaingia, paja likaingia, kisha tumbo la miezi minane likakwama kwenye mwimo.

"Vuta," alisema. Odero akavuta. "Wacha. Unaniumiza. Leta msumeno."

Sanduku la vyombo lilikuwa humo ndani, chini ya mimbari. Odero akautoa msumeno. Saiprasi ni mbao laini. Fundi mzuri angekata mwimo ule kwa dakika kumi, na Odero alikuwa fundi mzuri.

"Ndugu Odero," Mchungaji Zablon akasema kwa upole, "sheria ya kumi na tisa."

"Pasta, ni bibi yangu."

"Najua. Basi tupige kura, upesi."

Wazee wa kanisa walikuwa watano. Mmoja alikuwa amefariki Agosti na hakupatikana aliyestahili kuchukua nafasi yake. Watatu walikuwa ndani, wakakaa, wakainua mikono. Wa nne alikuwa Kipkorir, na Kipkorir alikuwa nje, nyuma ya Milcah, akiwa amempa kila aliyekuja mgongo wake mpana.

"Mimi nakubali!" Kipkorir akaita. "Mkono wangu si huu? Kata, kijana!"

Mchungaji akachungulia juu ya bega la Milcah. Aliuona mkono. Akasema kwa masikitiko kwamba mzee hakuwa amekaa, wala hakuwa ndani.

"Pasta, Yesu alijua hii sheria yenu?" Kipkorir akauliza.

Watu husema sheria ni msumeno. Odero alikuwa na msumeno wa kweli mkononi, meno yake ameyanoa Ijumaa, na mkewe alikuwa anamtazama kwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Alimfikiria Zablon akimnyanyua mtaroni. Alifikiria chang'aa. Akauweka msumeno sakafuni, taratibu, usilie.

Milcah aliona akiuweka. Alijichomoa kutoka kwenye mwimo, ngozi ikibaki kidogo.

"Wewe mama!" Wangare aliita kutoka kwenye ua. "Achana na huo mlango. Kuja kwangu!"

Milcah akainama, akapita chini ya senyenge ya ua, akaingia nyuma ya shuka la maua. Wangare akamlaza nyuma ya mitungi, akamfunika gunia, kisha akaketi kizingitini na kuanza kuchambua sukuma wiki. Vijana walipomfikia aliwatukana kwa lugha ya mama zao, kila mmoja kwa jina la baba yake, mpaka wakaona haya wakapita.

Kanisani walijaribu kuingia, hawakuenea kwa mabega yao mapana. Walijaribu moto, fremu haikushika. Mbao zilikuwa mbichi, kama za mti uliosimama. Basi wakamaliza na waliokuwa uani. Walikuwa watu tisa. Ndani waliimba ili wasisikie, ila Odero alikuwa karibu na mlango mno, akasikia. Mzee Kipkorir alikutwa ameegemea ukuta, mkono wake ukiwa bado juu, na hata alipozikwa haukukubali kushushwa.

Jioni askari walifika. Kabla ya watu kutoka, Mchungaji aliomba wasimame wamshukuru Mungu, kwa kuwa waliokuwa ndani hakuna hata mmoja aliyeguswa. Halafu, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za shuka la maua, akasoma sheria ya ishirini: aliyejificha katika nyumba ya pombe, hata kwa dhiki, ametengwa na ushirika. Kuongeza sheria hakukuhitaji kura. Fremu ikanenepa papo hapo, kuliko kwa sheria yoyote ya awali, kwa mlio wa kiti kinachokaliwa, na Odero alipopima akakuta inchi tano.

Kwa hiyo hawakutoka. Walikuwa thelathini na wanne. Hakuna aliyelia sana. Askari waliutazama mlango, wakaandika, wakaenda. Jamaa walileta chapati, ambazo zilipita vizuri, na uji kwa chupa. Kura isingepigwa tena, maana wazee walikuwa watatu, na wa nne asingepata pa kuingilia ili akae.

Milcah alijifungua msichana pale kwa Wangare, juu ya gunia. Wiki ya tatu ya Februari, baada ya mawaridi ya Siku ya Wapendanao kwenda Ulaya bila yeye, lori la kwenda Bungoma lilisimama barabarani, na Milcah akaja mlangoni amevaa ovaroli ya kijani, mtoto mkononi. Kwenye ufa aliona jicho la Odero, nusu ya mdomo, na penseli.

"Nimemwita Wangare," alisema.

"Mlete ndani kidogo. Tumwombee."

Milcah alipima ule ufa kwa macho, akampima na mtoto.

"Akiingia, atatoka aje?"

Milcah akaupitisha mkono wa mtoto peke yake, nao ukashika kidole cha baba, kidole kigumu chenye gundi, ukakishika kwa nguvu za ajabu kwa mtu wa umri ule. Honi ya lori ikalia mara mbili.

"Odero, msumeno uko wapi?"

"Uko hapa. Chini ya mguu."

"Na mimi niko hapa."

"Tunangoja kikao," Odero alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Milcah akavibandua vidole vya mtoto kimoja kimoja, akamfunga mgongoni, akaenda. Lori lilipiga honi mara ya tatu, kisha likaondoka.

Jumatatu Odero alipima mlango. Ulikuwa unakwaruza kidogo upande wa juu. Akautoa kwenye bawaba, akaupiga randa, akaurudisha, akafagia maranda kwa mkono. Mlango ukafunga vizuri.